Kwa Nini Nilisimama Nyuma ya Biira

Katunguru,
Kasese.

Baba yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na wote mlio hapo nyumbani Koboko. Goti linasemaje siku hizi? Mama mdogo aliniambia kwamba bado unakwenda shambani na fimbo, na ukiambiwa upumzike unajifanya hukusikia. Mihogo imekubali safari hii? Sisi huku hatujambo. Keji amerefuka hadi sketi ya shule inamwaibisha, na mdogo wake anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la malori, lakini anakula vizuri na anacheza. Mume wangu Taban anakusalimu. Anasema utamsamehe hajakupigia simu, anaona haya kukupigia kabla wewe hujasikia habari kutoka kwangu.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unasikia nusu, nusu nyingine unaijaza mwenyewe. Barua hii anaileta mke wa polisi mwenzetu anayekwenda likizo Arua, atamkabidhi Kaka Wani pale stendi. Kaka Wani alinieleza mliyoyasikia: kwamba nimeingia siasa, nimekaidi amri ya wakubwa, na kwamba ndiyo sababu tumeondolewa Bwera. Alisema uliposikia hayo hukusema neno, ulichukua kiti ukaenda kukaa nje peke yako. Baba, nakujua ukinyamaza hivyo. Ndiyo maana nakueleza yote kutoka mwanzo, kisha uhukumu mwenyewe.

Kambi yetu ya polisi ilikuwa ndogo, nyumba za mabati juu ya kilima nje kidogo ya Bwera. Chini yake kuna kijiji, na kijiji kimekatwa na mto mdogo unaoshuka kutoka milimani. Upande wetu ni nyumba na kahawa. Upande wa pili ni shule, kituo cha afya na barabara ya kwenda soko la Mpondwe. Watu walikuwa wakivuka kwa daraja la magogo. Katika majira ya mvua yaliyopita kulinyesha sana huko juu milimani, sisi hata hatukulowa, lakini asubuhi tulikuta mto umejaa mawe makubwa kama ng'ombe waliolala, na daraja halipo.

Nilikuwa na jirani pale chini ya ua wa kambi, msichana anayeitwa Kabugho. Ndiye aliyenifundisha kutwanga sombe, majani ya mihogo, wanavyopenda wao, na ndiye mtu wa kwanza pale kijijini aliyeniita kwa jina langu badala ya kuniita mama wa polisi. Alikuwa na mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimjia asubuhi moja mto ukiwa umefurika. Mama mkwe wake alikuja kunigongea, tukamshika mkono Kabugho tukateremka naye hadi ukingoni. Kituo cha afya tulikiona kabisa ng'ambo, hata muuguzi aliyekuwa akianika mashuka tulimwona. Hatukuweza kuvuka.

Tulimpandisha kwenye bodaboda ili tuzungukie barabara ya mjini, mimi nimekaa nyuma nikimshikilia. Hatukufika mbali. Alizalia kando ya barabara, mahali ambapo mtu alikuwa ameanika kahawa. Mwenye kahawa aliikung'uta yote chini akatupatia turubai lake tumlaze. Mtoto alikuwa wa kiume, amekamilika, ana nywele nyingi. Hakulia. Nilimpangusa, nikampulizia, nikamsugua mgongo kama Mama, Mungu amrehemu, alivyokuwa akifanya, lakini hakulia. Nilimfunga kwa leso yangu ile ya kijani. Kabugho alipona, namshukuru Mungu kwa hilo.

Siku ya kumzika yule mtoto mwenyekiti wa kijiji alikuja, Mzee Bwambale. Sitaki umfikirie vibaya. Ni mtu anayetoa viti vyake kila msibani, na siku ile nilimwona akifuta machozi kwa kweli. Kulikuwa na mama mmoja aitwaye Biira, mjane anayeuza nyanya na vitunguu Mpondwe siku za soko, mtu wa sauti nzito asiye na haraka. Walipomaliza kuzika alimuuliza mwenyekiti mbele za watu, kwa adabu kabisa, ni lini kijiji kitakaa kuzungumza habari ya daraja. Mzee Bwambale akamjibu kwamba madaraja ni kazi ya gombolola, wale wakubwa wa juu yake, na kazi ya kijiji ni kungoja. Biira hakubishana. Lakini kuanzia kesho yake alianza kupita nyumba kwa nyumba.

Alikuwa amesikiliza kipindi kwenye redio, kwa Lhukonzo, lugha yao ya pale, kilichokuwa kikieleza Katiba kipande kwa kipande. Alishika mambo mawili tu. La kwanza, kwamba mamlaka ni ya wananchi, na kiongozi anayo kwa sababu wao wamempa. La pili ni la sheria ya vijiji, kwamba kila mtu mzima anayeishi kijijini ni mjumbe wa baraza la kijiji, hahitaji kuchaguliwa wala kualikwa. Mwenyekiti ni mwenyekiti wa baraza hilo, na kwa hiyo lazima likae. Mambo hayo mawili aliyabeba kila mlango.

Alifika na kwangu. Nilimwambia mimi ni mke wa askari, mambo ya kijiji hayanihusu, leo nipo kesho sipo. Baba, yalikuwa maneno yako yale yale. Ulitulea kambini ukitufundisha kwamba mambo ya raia tuyapite mbali, tusalimie watu, tununue chumvi, turudi ndani. Na najua kwa nini. Najua mlivyovuka mpaka mkikimbia, Kaka Wani akiwa mgongoni kwa Mama, na majirani mliokula nao wakiwaonyesha kwa vidole kwa sababu tu ya sare uliyovaa, ya askari wa serikali iliyoanguka. Mtu aliyepita hapo ana haki ya kuwaambia watoto wake wanyamaze.

Lakini watu wa Kasese nao wana yao. Kuna nyumba nyingi hapa ambamo kuna mtu hayupo tangu zile ghasia na askari, na ukiuliza alikwenda wapi watu wanaangalia chini. Wakiona sare wananyamaza kwanza. Mimi nilinunua nyanya kwa Biira muda mrefu kabla hajaniuliza hata natoka wapi. Kwa hiyo alipokuja hadi mlangoni kwangu, juu kule kambini, nilielewa kwamba haikuwa safari ndogo kwake.

Akaniambia, "Mama Keji, sisi yote tutasema tulisikia. Weye peke yako utasema uliona."

Nilikwenda. Taban nilimwambia, naye akasema tu nisichelewe kurudi.

Tulikaa kwenye uwanja wa kanisa. Watu walijaa kuliko alivyotarajia Biira mwenyewe, wengine walikaa ukutani. Mzee Bwambale alikuja, akapewa kiti cha mbele kama inavyostahili. Aliomba dua, akashukuru, halafu akatazama upande wetu wanawake akaniona. Alisema bila ukali kwamba mkutano huu ni wa wenyeji, na watu wa kambini ni wageni wa serikali, kwa hiyo ingefaa wawaachie wenyeji nafasi. Watu wote waligeuka kunitazama. Nilianza kuinuka niende zangu.

Biira aliniwekea mkono begani nikarudi chini. Akasimama yeye.

"Mwenyekiti, huyu mama iko mutu ya hapa," alisema. "Maji anachota hapa. Batoto bake banasoma hapa. Akikufa leo, nani atamulilia? Ni sisi. Sasa sheria inasema mutu mwenye anaishi mu kijiji. Yeye anaishi wapi?"

Watu walimgeukia mwenyekiti. Mwishowe Mzee Bwambale akasema, "Aseme."

Baba, sijawahi kusimama mbele ya watu wengi namna ile. Nilisema kwa Kiswahili, mwalimu mmoja akawa anatafsiri. Sikulaumu mtu. Nilieleza tu tuliposhuka na Kabugho, tulichokiona ng'ambo, mahali mtoto alipozaliwa na nguo niliyomfungia. Kabugho alikuwa amekaa katikati ya wanawake ameinamisha kichwa. Nilipofika kwenye ile leso aliinua uso akanitazama, hakuuficha tena hadi mwisho.

Nilipokaa, mzee mmoja aliuliza swali ambalo wote tulidhani jibu lake tunalijua. Aliuliza kama gombolola walikataa kutujengea daraja. Mzee Bwambale akasema ukweli wake wote. Alisema hawakukataa, kwa sababu hawakuwahi kuombwa. Ili kijiji kiingie kwenye mipango ya gombolola ni lazima watu wakae wakubaliane wanataka nini kwanza, na yeye tangu achaguliwe hajawahi kuwaita wakae. Alisema alidhani anawapunguzia watu usumbufu. Angeweza kudanganya, hakuna ambaye angejua. Nilimheshimu kwa hilo na bado namheshimu.

Siku ile walichaguliwa watu wa kwenda gombolola, na tukakubaliana kwamba tukingoja, tuweke magogo mapya kwa mikono yetu. Nilibeba mawe pamoja na wanawake wa kijiji hadi mikono ikatoka malengelenge. Taban na polisi wenzake wawili walikuja siku yao ya mapumziko, wamevaa nguo za kawaida, wakaingia majini kushikilia magogo. Vijana wa pale mwanzo walikuwa wakiwapisha tu. Baadaye mmoja wa polisi aliteleza akazama hadi kidevuni, wakacheka wote, na baada ya kicheko kile kazi ilienda vizuri zaidi.

Sasa nafika kwenye jambo mlilolisikia.

Ulipotangazwa uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, Biira alisimama kushindana na Mzee Bwambale. Unajua huu si wa karatasi. Mgombea anasimama uwanjani, na wewe unajipanga nyuma yake, watu wote wanakuona. Pale kambini kulikuwa na sajenti mmoja aliyesimamia mambo ya nyumba zetu, nani ahame chumba gani na nani atengenezewe mlango. Siku chache kabla ya uchaguzi alitukusanya sisi wanawake pale bombani. Sidhani kama alitumwa na mtu, alipenda tu mambo yabaki kama yalivyo. Akasema, "Kina mama, sikia. Siku ya mstari, wote nyuma ya mwenyekiti. Huyo tunamujua. Hakuna maneno." Akaondoka.

Nilimweleza Taban tukiwa tunakula. Sikutaka kumuuliza nifanye nini, nilitaka ajue tu. Alimaliza chakula chake. Halafu akanawa mikono, akasema: "Mimi niliapa kuilinda Katiba. Kwa hiyo siku ile nitasimama pembeni nitazame watu wasipigane, sina upande. Lakini wewe sikukuoa na sare."

Hilo ndilo aliloniambia, Baba, hakuongeza jingine. Ukisikia mtu anasema kwamba Taban alinituma, au kwamba nilimvunjia heshima, ujue huyo hakuwepo.

Uchaguzi ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Biira alisimama upande wa jengo la madarasa, amevaa gauni lake la kanisani. Mzee Bwambale alisimama upande wa barabara. Taban alikuwa karibu na goli, ndani ya sare, mikono nyuma. Msimamizi alipotoa ruhusa, wanawake wa kambini walikwenda pamoja upande wa barabara kama walivyoambiwa, na mimi nilikuwa katikati yao. Nilitembea nao hatua kadhaa. Miguu yenyewe ilikuwa imezoea kwenda na wenzangu, mpaka nikaiona kanga ya aliyekuwa mbele yangu nikagundua kwamba nafuata kanga.

Nikageuka. Kutoka pale hadi kwa Biira kulikuwa na uwanja mtupu, na niliuvuka peke yangu. Sikumtazama sajenti wala sikumtazama mume wangu. Nilisikia mtu akiniita kwa sauti ya chini, nikaendelea kwenda. Nilipofika kwenye mstari, aliyekuwa wa mwisho alikuwa Kabugho. Hakugeuka kunisalimia. Alirudisha mkono nyuma tu akashika vidole vyangu, tukasimama hivyo wakati wanahesabu.

Biira alishindwa. Hakushindwa kwa mbali, na kila mtu pale uwanjani aliona kwamba mstari wetu wa kambini ndio uliomvusha mwenyekiti. Nitakuambia ukweli, nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na wenzangu wote. Asubuhi yake nilimkuta bombani mama mmoja jirani yangu, Mama Achieng. Akaniambia kwamba wakati wote amesimama pale alikuwa akitazama viatu vyake. Mumewe alikuwa akingoja cheo. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia, lakini nilimwona hajalala. Nikamsaidia kujitwika ndoo yake nikaenda zangu.

Jambo ambalo sikulitarajia lilitokea wiki iliyofuata. Kwa sheria ya vijiji, mwenyekiti anataja watu wa kamati yake kisha baraza linawakubali au kuwakataa. Mzee Bwambale alituita, safari hii bila kusukumwa na mtu. Alipofika kwenye makamu wake alimtaja Biira. Watu walidhani amekosea jina. Akasema, "Nilisimama pale nikaona nyuso za upande ule. Siwezi kuongoza nusu ya kijiji." Tukanyoosha mikono wote, na wale wanawake wa kambini waliokuwepo walinyoosha pia. Tulipoondoka Bwera, gombolola walikuwa wamelikubali daraja na mawe na mchanga vilikuwa vimeshamwagwa ukingoni. Saruji ilikuwa bado. Biira alikuwa akienda kuiulizia kila anapotoka sokoni.

Uhamisho wetu ulikuja muda mfupi baadaye. Yule sajenti alinipita njiani akasema, "Umeona?" Lakini katika barua ile ile ya uhamisho kulikuwa na majina ya askari wengine ambao wake zao hawakugeuka. Nilimuuliza Taban anafikiri nini. Akasema hajui, na hatauliza, kwa sababu akiuliza ataanza kuishi kama mtu anayeogopa jibu. Mimi nami sijui, Baba. Nimelifikiria sana. Tulipokuwa kwenye lori na vitanda vyetu, tulipopita Kinyamaseke, Keji aliuliza kama tumefukuzwa. Nilimwambia tumehamishwa. Akauliza kama huko tuendako pia nitapanga mstari.

Nilikuwa nikidhani Katiba ni kitabu cha mawakili wa Kampala. Bado sijaisoma yote, na yapo mengi ndani yake ambayo nikitazama kulia na kushoto siyaoni yakitendeka. Sitakuficha hilo. Lakini nimeona kijiji kikikaa, nimeona mwenyekiti akisema "sikuwaita" mbele ya watu aliowaongoza, na hakuna aliyempiga wala aliyekamatwa. Wewe ulitumikia chini ya wakubwa wengi, ukaniambia hujawahi kuona mkubwa akiulizwa swali na mtu wa chini halafu wote wawili wakaenda kula. Mimi nimeona. Nilitaka ujue kwamba linawezekana, na kwamba binti yako alikuwepo.

Salamu nyingi kwa Mama mdogo, mwambie ule unga wa mtama ulifika salama. Msalimu Shangazi Poni na macho yake, nasikia amepata miwani. Msalimu Baba mdogo Lado, na Kaka Wani pamoja na shemeji yangu na watoto. Mzee wa jirani anayekusomea magazeti umsalimu pia, na ukipenda mpe barua hii aisome, sina la kuficha.

Nilitaka kufunga hapa, lakini jana kumetokea kitu kidogo nikaona nikiongeze. Huku Katunguru joto ni kali, nyumba ziko karibu na daraja la mfereji unaounganisha maziwa mawili, na harufu ya samaki haitoki kwenye nguo. Watu hatuwajui bado. Nilisikia kwamba kuna mkutano kuhusu choo cha soko la samaki, nikafunga kilemba nikaenda. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mkeka. Mmoja alinitazama kuanzia miguuni akaniuliza kama si mimi mke wa polisi mgeni. Nikamwambia ndimi. Akaniuliza nimepotea au natafuta nani. Nikamwambia sitafuti mtu, ninaishi hapa. Walitazamana. Hakuna aliyesema karibu, na hakuna aliyesema ondoka. Kisha yule yule aliyeniuliza akavuta kapu lake la samaki upande mwingine, mkeka ukapata nafasi, nikakaa.

Ni mimi binti yako,
Kiden